Kidonda cha Tarumbeta

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne kasorobo asubuhi. Ndiyo saa niliyokatwa miguu nikiwa nimekaa.

Naijua dakika yenyewe kwa sababu ukutani mwa kile chumba palikuwa na saa ya duara, kubwa kama sinia. Nilipoambiwa nisilotaka kuambiwa, macho yangu yakakimbilia huko. Mtu akiaibika hutafuta pa kuyaweka macho.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupe kwa ufupi. Mimi ni mpiga tarumbeta wa bendi ya mji, huu mwaka wa kumi na tisa. Mama watoto wangu alifariki miaka mitatu iliyopita akisubiri gari la wagonjwa, na gari lenyewe siku hiyo lilikuwa limebeba viti vya sherehe ya mkubwa mmoja. Hayo nimeshayalia humu wiki mbili nzima, sirudii.

Kisha nikampata Fundi. Ndiye anayeshona sare zetu. Aliachika kwa mumewe wa kwanza bila mtoto, na mdomo wake ni mkali kama mkasi wake. Nikasema Mungu amenifuta machozi. Tulibakiza siku kumi na moja tu twende kwa msajili tukaandikishwe mume na mke.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Mkuu wa Bendi alivyotupanga mstari tukachangie damu kwa hiari. Hiari gani ya kuitwa majina? Wapiga picha walikuwa wengi kuliko wauguzi. Nikanyoosha mkono, wakachukua damu yao, wakapiga picha zao, nikaenda zangu.

Wiki tatu baadaye, simu kutoka kituo cha damu. "Baba, tunakuomba ufike mwenyewe."

Nikadhani wanataka nyingine.

Nesi aliyenipokea alikuwa rika la binti yangu wa kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Damu yangu imemfaa nani?"

Akafunga mlango kwanza. Akaketi. "Haijamfaa mtu, baba. Hatukuitumia. Vipimo vimeonyesha kaswende."

Hapo ndipo nilipoiangalia saa.

"Mmechanganya chupa," nikasema. "Wakubwa wenu hawashindwi kuchanganya."

"Tumepima mara mbili, kwa vipimo viwili tofauti. Ukitaka nitakutoa nyingine sasa hivi tupime tena."

"Mimi mtu mzima, mwanangu. Natumia kinga."

"Kila mara?"

"Kila mara ya ile kazi yenyewe."

"Na ya mdomo je?"

Nilicheka, ndugu zangu. Mbele ya mtoto wa watu, nikiwa na kaswende, nilicheka. "Ile si kitu bwana! Ile ni mchezo tu."

Yeye hakucheka. "Nani alikwambia si kitu?"

Swali hilo nilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe ni Mkuu wa Bendi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa afya kwenye ukumbi wetu wa mazoezi kutufundisha habari za magonjwa ya zinaa. Alikuja na mfano wa mbao na maboksi ya kondomu. Akafundisha vizuri, tukamwelewa. Mwishoni akauliza nani ana swali.

Mpiga tromboni wetu, tunamwita Bomba, akanyoosha mkono. "Mama, na wale wanaotumia mdomo, hiyo kinga wavae ulimini?"

Ukumbi mzima ukaanguka. Mwenye ngoma kubwa akapiga ngoma. Nani alicheka kuliko wote? Mimi.

Yule mama hakukasirika. Akasema, "Swali zuri sana hilo, ngoja niwaeleze." Akafungua kinywa.

Mkuu akasimama. "Hapana, hapana! Hapa kuna watu wazima, kuna watu wa dini. Uhuni mwisho hapo. Mgeni wetu tunamshukuru, chukueni maboksi yenu, tuendelee na mazoezi."

Yule mama akakusanya vitu vyake taratibu. Akatuangalia sisi, akamwangalia Mkuu, akaondoka na jibu letu tumboni mwake.

Basi mimi nikalichukua lile kama nilivyoliona. Kisichotajwa hakipo. Kama ya mdomo ingekuwa na hatari, si wangetuambia? Wanatuambia hadi namna ya kufunga kamba za viatu!

Nilimweleza nesi yote hayo kwa hasira. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kingine kabisa.

"Hukuwahi kuota kidonda mdomoni, baba? Kisichouma?"

Sasa hapa, msomaji, lazima uijue kazi yetu. Mpuliza tarumbeta hana mdomo mzima. Kile kikombe cha kupulizia unakikandamiza kwenye midomo kwa saa tatu au nne nzima, jua linakuwakia, mkubwa anahutubia hamalizi. Mdomo unavimba, unapasuka, unaota vidonda. Tunaviita vidonda vya tarumbeta. Dawa yake maji ya chumvi usiku na mafuta ya mgando asubuhi. Hakuna anayekwenda hospitali kwa kidonda cha tarumbeta, utachekwa mpaka ustaafu.

Kwa hiyo miezi minne iliyopita kilipotokea kimoja, cha duara, kigumu pembeni kama kifungo, kwenye mdomo wa chini kwa ndani, mimi niliona ni kazini.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Hakikuuma. Vidonda vyetu huuma mpaka unamkumbuka mama yako.

Bomba alikichungulia akasema, "Mzee, umepandishwa cheo. Hicho ni cha maofisa."

Mkuu yeye alisema, "Puliza! Soko jipya linafunguliwa Ijumaa, unaniletea habari za mdomo?"

Nikapuliza. Kidonda kikakaa kama wiki nne, kikaondoka chenyewe. Nikaishukuru chumvi.

"Hakikupona, baba," nesi akaniambia. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Kilihama. Kilitoka mdomoni kikaingia kwenye damu. Kaswende ndivyo ilivyo, inakuacha ujione mzima huku inakula ndani. Ukiiacha miaka, inaweza kukufika kwenye moyo, kwenye macho, kwenye akili."

"Kwa mdomo tu?"

"Kwa mdomo tu. Na si hiyo peke yake. Kisonono hukaa kooni na mtu asihisi chochote. Malengelenge yanapita hapo. Kuna kirusi kingine kinapita hapo hapo, na kwa watu wengine baada ya miaka mingi kinaleta saratani ya koo."

"Na ukimwi?"

"Kwa njia hiyo ni nadra. Lakini nadra si kamwe, hasa mtu akiwa na kidonda mdomoni. Tutakupima na huo."

Nikamuuliza, basi mtu afanyeje, ashone mdomo?

Ndiyo mara ya kwanza akatabasamu. "Kondomu ile ile mliyopewa inafanya kazi na hapo. Na kwa upande wa mwanamke, unaikata ubavuni, unaikunjua iwe kipande, unakitandaza katikati. Inapunguza hatari sana. Na mnapimwa, wote wawili, kabla ya kuanza michezo."

Dakika mbili! Maneno yale yamechukua dakika mbili. Mkuu wa Bendi alininyima dakika mbili.

Akanipima na huo ukimwi, nashukuru haukuwepo. Akanidunga sindano mbili nzito, tako hili moja na hili moja. Nilijikaza kisabuni lakini nilipiga kelele ya tarumbeta. Akaniambia nisiguse mtu mpaka aniruhusu, na kwamba damu itapimwa tena baada ya miezi mitatu na baada ya sita.

Kisha akachukua kalamu. "Nahitaji kujua uliokuwa nao."

Msomaji, niliapa tangu sehemu ya kwanza kwamba humu sitaficha. Basi sikia.

Miezi mitano iliyopita bendi ilisafiri, siku nne, kwenda kupiga kwenye maonyesho ya mji mwingine. Hotelini pale palikuwa na dada wa mapokezi, mcheshi, sauti nzuri. Nilikuwa nimeshamvisha Fundi pete. Nilikuwa nimeshamvisha, narudia. Lakini Fundi alisema mpaka tuandikishwe, na mimi nilikuwa mpweke miaka mitatu. Ilikuwa mara moja tu, na ilikuwa ya mdomo, kwa hiyo moyoni niliandika kwamba sikufanya kitu.

Wiki chache baada ya kurudi ndipo kidonda kikatokea. Hesabu ilinipeleka kwa mtu mmoja tu. Yule dada.

"Na mchumba wako?" nesi akauliza.

"Huyo hatujakutana. Nimekwambia, mpaka tuandikishwe."

"Hata kwa mdomo?"

Niliinama. Saa ukutani ilikuwa inapiga tik, tik.

Mimi na Fundi tulikuwa tumejiwekea mlango wa mbele tukaufunga kwa kufuli, tukajisifu kwa kufuli letu. Wa uani tulikuwa tunapita tangu mwanzo. Hatukuuhesabu. Wala kidonda hakikutuzuia, si kilikuwa cha tarumbeta?

"Baba," nesi akasema, "mwambie leo. Leo hii."

Nilimkuta dukani kwake amepiga magoti, mdomo umejaa pini, anapima koti jipya la Mkuu kwenye sanamu la mbao.

"Mpulizaji! Mbona unatembea kama umekalia jiko?"

"Fundi, toa pini mdomoni."

"Nikizitoa nitaongea. Unataka niongee?"

"Toa."

Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto. Alipoona uso wangu akaacha utani.

Nikamwambia. Kaswende. Sindano. Kwamba kile kidonda hakikuwa cha tarumbeta. Kwamba na yeye apimwe.

Alikaa chini kwenye vitambaa. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kabla yangu au baada yangu?"

Hapo ndipo ningekuwa mwanaume. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Kabla," nikasema. "Mwanamke wa zamani, kabla sijakujua."

Akatikisa kichwa taratibu. Machozi yakamtoka bila sauti, yakadondokea kwenye koti la Mkuu. Akayafuta haraka kwa kiganja yasiache alama. Hata siku ile aliiheshimu kazi.

Kesho yake tukaenda. Nesi akamwita ndani peke yake. Mimi nilikaa nje kwenye benchi, karibu na mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha, nikaomba dua zote ninazozijua, zile za kuzaliwa na za kuzikia.

Fundi akatoka anachechemea. Sindano mbili. Sikuhitaji kuuliza.

Tulitembea kama nyumba ishirini hivi. Kisha akanishika mkono, yeye mwenyewe.

"Ulikuwa hujanijua," akasema. "Mtu hawezi kumkosea asiyemjua. Nimekusamehe, yaishe. Tarehe ishirini na tano ipo pale pale."

Ndugu zangu, mmewahi kusamehewa kosa ambalo si lile mlilofanya? Ni kama kuvishwa koti la marehemu. Limekukaa vizuri, lakini huwezi kulivua wala kupumua ndani yake.

Siku zile nilimlaani Mkuu wa Bendi asubuhi na jioni. Nikimwona anapunga fimbo yake mbele yetu, natamani ningempulizia sikioni. Nilimwambia Bomba, "Huyu mtu ndiye aliyeniua." Bomba akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee." Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema hamaanishi kitu, anasafisha tromboni.

Nesi alikuwa amenipa kazi moja nyingine, nimwarifu yule dada wa mapokezi naye atibiwe. Nikaipiga danadana wiki nzima. Siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, nikajifungia chooni kazini nikapiga.

"Dada, ni mimi wa tarumbeta."

"Heee! Kaka wa tarumbeta! Leo umenikumbuka?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ukali kidogo, nasema kweli, kama mtu anayedai chake. Akashusha pumzi.

"Pole sana kaka yangu. Lakini si kwangu."

"Si kwako kivipi?"

"Mimi hujipima mwenyewe kila miezi mitatu, sisubiri semina ya mtu. Nilipimwa mwezi mmoja na nusu baada ya nyie kuondoka, sina. Nimepimwa tena wiki iliyopita, sina. Nitakutumia karatasi uone."

"Haiwezekani."

"Halafu nikukumbushe kitu. Usiku ule nilikwambia kinga ipo kwenye droo, hata kwa hiyo. Ukacheka, ukasema hiyo si kitu. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Hili sikumwambia nesi. Hata nyie nilikuwa nimewaruka. Maneno ya yule mama wa afya aliyekatizwa, kuna mtu alinimalizia, bure, chumbani, na mimi nikacheka mara ya pili.

Karatasi mbili zikaingia kwenye simu. Mimi shule niliishia njiani, nasoma maandishi ya hospitali kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini maneno "hakuna maambukizi" niliyapata, mara mbili.

Sasa sikiliza moyo wa binadamu ulivyo. Nilipaswa kuona aibu. Badala yake nikaona mwanga. Kama si yule dada, na marehemu mke wangu alipimwa kliniki mpaka mwisho akiwa safi, basi amebaki nani? Nikaondoka mazoezini bila ruhusa. Mkuu aliniita, sikugeuka.

Fundi alikuwa anapiga pasi. Nguo aliyokuwa anapiga ni gauni lake la Jumamosi, la rangi ya maziwa.

"Mpulizaji, geuka! Huruhusiwi kuliona!"

Sikugeuka. Nikamnyooshea simu. "Soma hizo."

Akasimamisha pasi wima. Akasoma, midomo ikicheza. Anasoma haraka kuliko mimi, na anasoma vyote, hata vile nilivyokuwa nimevipita.

"Karatasi za nani hizi?"

"Za yule mwanamke niliyekwambia. Hana kitu. Hajawahi kuwa nacho. Kwa hiyo si yeye aliyenipa."

"Hapa juu ameandika ujumbe." Akausoma kwa sauti, neno kwa neno. "Tangu mlipoondoka na bendi yenu baada ya maonyesho sijawa na mtu mwingine."

Ujumbe huo sikuusoma. Niliona karatasi tu.

"Maonyesho," Fundi akasema. "Sare za maonyesho nilizishona mimi. Koti lako vifungo nilivikaza mara mbili, visije vikakutoka mbele za watu." Akaniwekea simu kwenye meza, pole pole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Uliniambia ni kabla yangu."

Ningeweza kupiga magoti. Nilikuwa na miguu miwili, na sakafu ilikuwepo.

Badala yake nikasema, "Hayo tutaongea. Kwanza wewe niambie. Kama si yeye, ni nani? Ulikuwa na nani?"

Pasi ilikuwa inafuka mvuke peke yake. Fundi akachomoa waya ukutani. Akalikunja gauni lake mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka likawa dogo kama leso, akaliweka juu ya kiti kati yetu. Nilisubiri alie. Hakulia. Nilisubiri atukane, mdomo wake naujua. Hakutukana.

Kama alikuwa na mtu, hakukiri. Kama hakuwa na mtu, hakukana. Aliniangalia tu, kama anavyomwangalia mteja aliyemdanganya vipimo vyake mwenyewe halafu akaja kulalamika nguo inabana.

"Nitakujibu," akasema. "Lakini na mimi nina langu, lijibu kwanza. Nililia, nikachomwa sindano mbili, nikakusamehe, na hukuwahi kuniuliza nilikuwa na nani. Kama karatasi za huyu dada zingesema anao ugonjwa, leo ungeniuliza?"